Mbuzi wa Bei ya Kutupa

Ukweni kwangu, karibu na Gede, hakuna kazi ya mtu mmoja. Inama upulize jiko uone: atatokea wa kukwambia kuni zimelala vibaya, wa pili atasema kosa ni la upepo, wa tatu atavuta kigoda akae aone mwisho wake. Mimi nimezaliwa Malindi mjini, mtaa wa Shela, ambako adhuhuri mlango hurudishwa watu wakajinyosha. Huku mlango hurudishwa usiku tu, tena kwa ajili ya mbwa wa jirani. Nilipoolewa nilidhani ni pilikapilika za arusi, zitapita. Hazikupita. Siku hizi nikimkuta mtu anapuliza jiko, nami husimama nikatoa maoni.

Desemba ndipo mambo yanapofurika. Shule zimefungwa, kaskazi inavuma, boribo na ngowe zinaanguka zenyewe, na ukoo uliotawanyika Mombasa, Nairobi na Ghuba unarudi nyumbani na mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Ugeni wa namna hiyo haupokelewi kwa mchicha. Inatakiwa nyama.

Basi mwaka jana shemeji yangu mdogo, anayejiona mjuzi wa biashara, akajitolea kutafuta mbuzi. Kwa kawaida mbuzi hutoka bara, huko Ganze na Bamba, wakaletwa kuuzwa miji ya pwani. Wetu alisafiri kinyume: shemeji alimpata Malindi, kwa bei aliyoiita ya kutupa. Nauli hakuihesabu. Matatu zilimkataa mbuzi. Bodaboda mmoja alikubali, akamtazama mbuzi machoni, akaghairi. Ikabaki tuktuk, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumtazama mama yangu, nikaambiwa niingie nimshike kichwa.

Kumpakia kulikuwa baraza nzima. Dereva alitaka kichwa kitazame mbele. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka, akasema mbuzi akitazama mbele hupata kizunguzungu. Muuza madafu akashauri miguu ifungwe, akatoa na kamba, akadai arudishiwe kamba yake. Mbuzi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akakojoa.

Nisieleweke kwamba watu wa Malindi ni wageni wa kusafirisha wanyama. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika China, zawadi kwa mfalme Yongle, akapokewa kwa heshima kama mnyama wa baraka. Twiga! Na shingo ile! Alivuka bahari nzima akashuka mzima. Karne sita baadaye, wajukuu wa mji uleule nusura tushindwe kumfikisha mbuzi Gede, safari isiyofika kilomita 20, tena barabara ya lami.

Nilikuwa nimevaa leso mpya. Hili nalitaja kwa sababu mbuzi aliligundua kabla ya mtu mwingine yeyote. Alianza na pembe, nikamnyang'anya; akahamia katikati, pale palipoandikwa jina la leso, akalitafuna polepole akiangalia njia kama abiria aliyelipa. Nilipoikunjua baadaye ilikuwa na pindo zima pande zote, maua yake mazuri, na jina hakuna. Sasa naivaa ndani ya nyumba. Leso isiyosema kitu haimfai mwanamke wa Shela kutokea nayo.

Tulipofika Msabaha tuktuk ilipanda tuta bila kupunguza mwendo. Kamba ya muuza madafu ikafyatuka, na mbuzi akatoka upande wa kushoto kwa utulivu kabisa, kana kwamba amefika kwake. Shemeji akaruka nyuma yake akipiga mayowe. Ndani ya muda mfupi Msabaha yote ilikuwa shambani: watoto, akina mama waliokuwa wakitwanga, kijana wa kuosha pikipiki na kitambaa chake mkononi. Kila mtu alikuwa na njia yake ya kumkamata mbuzi, na mbuzi alizijua zote. Aliyemaliza kazi ni mtoto wa kike mdogo, aliyekaa chini akamenya embe, akanyoosha ganda.

Tukashukuru. Kushukuru ndiko kulikotuponza, maana katika shukrani shemeji akataja siku ya shughuli, na waliotusaidia wakaona si vyema kutokuja kuona mwisho wa mbuzi wao.

Mavyaa wangu alisikiliza kisa chote bila kukunja uso. Kwake yeye ajali za siku hizi ni ndogondogo. Aliolewa wakati daraja la Kilifi halijajengwa. Daraja lilianza kazi mwaka 1991, na kabla ya hapo watu, magari na ng'ombe walivuka kwa feri. Jamaa waliokuwa wakimletea pilau ya arusi kutoka Takaungu walifika Mnarani usiku wakakuta feri imelala. Wakakesha ng'ambo na masufuria. Asubuhi walivuka, wakaingia arusini na masufuria yaleyale, matupu, yameoshwa. Mavyaa akimaliza kusimulia hayo, huwezi tena kulalamikia leso.

Siku ya shughuli akaitwa mchinjaji. Ukoo huu una Waislamu, una Wakristo, na una wazee wachache ambao ukiwauliza dini watakuonyesha upande ulipo msitu mtakatifu wa kaya. Kwa hiyo kisu hushikwa na Mwislamu, ili nyama isimpite mtu. Mchinjaji akamlaza mbuzi, akampapasa tumbo, akapapasa tena, akarudisha kisu alani. "Huyu ana mimba," akasema, "na si changa."

Macho yote yakamgeukia shemeji. Mtu mwingine angeinama. Yeye akasema alijua tangu mwanzo, ndiyo maana ya bei ya kutupa: wawili kwa bei ya mmoja. Jogoo waliokuwa wakitembea karibu hawakujua kwamba maneno hayo yanawahusu.

Jogoo peke yao hawakutosha, maana Msabaha ilikuwa imeshafika. Ikabidi wali uongezwe na samaki waletwe. Pesa za mchele zilikuwa zimetumwa kwa simu kutoka Dubai tangu juzi yake, ila hakuna aliyeziona. Hapa sharti nieleze majina ya huku. Mtoto wa Kigiriama huitwa kwa babu yake, kisha hufuatisha jina la baba. Tuseme babu ni Karisa Kenga. Mwanawe wa kwanza atakuwa Kenga Karisa. Na mjukuu atarudi kuwa Karisa Kenga. Ukoo huzunguka hivyo bila kuchoka. M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea ili usikosee, na kwingine Kenya jambo hilo limewafaa wengi. Sisi linatuliwaza tu. Shemeji wa Dubai alitazama jina, akaliona ndilo hasa, akabonyeza. Pesa zikaingia kwa mjukuu aliye kidato cha tatu, ambaye naye alitazama jina lake, akamshukuru Mungu, akanunua raba nyeupe. Alipoitwa kujieleza alisema kwa adabu zote kwamba ujumbe uliandikwa Karisa Kenga. Babu yake, Karisa Kenga, akakiri kwamba kweli uliandikwa hivyo. Kesi ikaisha. Mchele ukakopwa dukani.

Zikaja nazi. Mkwezi alipanda mnazi ulio nyuma ya nyumba, akauliza kutoka juu kama chini kuna mtu, na sote tukajibu kwa pamoja, kwa hiyo hakusikia kitu. Nazi ya kwanza ilitua vizuri. Ya pili iligonga kuti, ikabadili nia, ikapenya paa la choo. Choo cha kwetu ni cha makuti na hakina mlango wa kufunga kwa ndani. Tukasikia "Salaalee!" Kimya. Kisha akatoka mgeni mmoja wa Msabaha, amebeba nazi mikononi, akauliza kwa upole ipelekwe wapi. Huyo alipewa paja la jogoo bila mjadala, na sijaona kamati yetu ya watoa maoni ikikubaliana haraka namna hiyo tena.

Samaki alikuwa nguru, vipande vinono, vimepakwa chumvi, bizari na ndimu, vimepangwa kwenye sinia vikisubiri karai lipate moto. Kunguru akashuka. Si kwamba aliiba. Mwizi huangalia kushoto na kulia. Huyu alisimama ukingoni mwa sinia, akavikagua, akaacha cha mkia akachukua cha tumbo. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo wamejisambazia pwani nzima, wakila mayai na makinda ya ndege wa kwetu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Wa kwetu, nadhani, yuko kwenye milioni ya pili.

Mpwa wetu wa Nairobi akapewa kazi nyepesi kuliko zote: kukoroga. Tui la pili lilikuwa limeshachemka na nyanya, tui la kwanza, lile zito, limetiwa mwisho, na kazi yake ilikuwa kuzungusha mwiko bila kuacha mpaka litokote. Simu ikalia. Tui likakatika. Mafuta huku, mabonge ya tui kule, na mpwa katikati anasema alidhani ndiyo mapishi yenyewe. Kamati ikakaa juu ya sufuria. Mmoja alisema litiwe maji, mwingine unga, wa tatu akaonja, akaonja tena, na ikabidi aondolewe.

Chakula kilipotengwa, bavyaa akasimama kuomba dua. Wifi yangu ni mmoja wa wafugaji wa vipepeo wa ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mradi huo, uitwao Kipepeo, upo hapa Gede tangu mwaka 1993: watu hulisha viwavi majani, wakishajifunga kwenye maganda yao wanauzwa, wanasafirishwa kwa ndege mpaka maonyesho ya Ulaya na Marekani, watoke huko. Neno kubwa katika biashara hiyo ni "huko." Kwa ajili ya mbuzi, mchele na samaki, wifi alikuwa amechelewa kuwapeleka wake, na sanduku lao lilikuwa juu ya kabati sebuleni. Katikati ya dua, mtoto mmoja akafunua kuangalia.

Walitoka wa rangi ya maziwa, wa samawati, wa machungwa wenye ukingo mweusi. Wakajaa sebule. Mmoja alitua kwenye kofia ya bavyaa, naye akaendelea kuomba bila kujua kwa nini watoto wanaitikia "Amin" kwa sauti kubwa kiasi kile. Wageni walisema hawajapata kukaribishwa hivyo popote. Wifi peke yake alikaa pembeni akihesabu, maana kila aliyepaa alikuwa ni shilingi zake zinazotoka dirishani. Alipofika mwisho wa hesabu akacheka, akajitilia wali. Mchuzi uliokatika uliliwa mpaka sufuria ikakombwa.

Kesho yake tukawapeleka watoto wa Nairobi baharini Malindi. Wakashuka, wakatazama maji ya kahawia, wakakunja pua: bahari gani hii, mbona chafu? Nilikuwa naingoja siku hiyo. Nikawaambia kaskazi ikivuma, tope la mto Sabaki husukumwa mpaka ghuba ya Malindi. Na Sabaki ndio huohuo Galana, na Galana ndio huohuo Athi, unaopita karibu na kwao. Tope hilo ni la kwenu, nikawaambia, limetangulia likizo. Wakaoga. Mara nyingine tutawapeleka Watamu, ambako maji ni maangavu na hakuna la kujibizana.

Mbuzi alizaa Januari, mapacha, na shemeji sasa hutoa ushauri wa mifugo hata kwa wasiomuuliza. Mwenye kuja kwetu Desemba hii na aje, mahali papo. Ila nyama alete iliyokwisha chinjwa, pesa asitume kwa jina, na akitaka kwenda choo aulize kwanza mkwezi yuko wapi.