Jinsi ya Kupoteza Elfu Moja Bila Kuibiwa

Mwongozo huu ni wa kijana wa Sagalla mwenye shilingi elfu moja kwenye M-Pesa na hamu ya kuiona ikiisha. Hahitaji mwizi wala tapeli. Anahitaji simu, bando na mchezo wa haki. Nasisitiza haki, kwa sababu vijana wengi wa Voi wakiliwa pesa husema wamechezewa shere, na kwamba siku wakipata mchezo usio na hila, watakula wao. Pesa huisha vizuri sana kwenye mchezo usiodanganya hata kidogo.

Basi chagua Aviator, ule wanaouita ndege. Uliundwa na kampuni ya Spribe, ukaingia sokoni mwaka 2019. Unaweka dau, ndege inapaa, namba inapanda kuanzia 1.00. Ukibonyeza kutoa kabla ndege haijatoweka, unalipwa dau lako mara namba hiyo. Ukichelewa, dau limekwenda. Wenye mchezo wametangaza wazi kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Zile 3 zinazobaki ni fungu lao.

Sasa chagua lengo lako, lolote lile. Ukingoja mara 2, katika mizunguko 100 ndege itafika huko kama mara 48 au 49. Ukingoja mara 10, itafika karibu mara 10, kasoro kidogo. Ukingoja mara 100, itafika kama mara moja. Zidisha mwenyewe: 48.5 kwa 2 ni 97, na 9.7 kwa 10 ni 97. Mwoga anayetoka mapema na jasiri anayengoja wanakatwa sawasawa, kwa hiyo zile hoja za kijiweni kuhusu wapi pa kutokea hazina kazi. Ruleti, mchezo mkongwe wa kasino, una hesabu ya aina hiyohiyo. Gurudumu la Ulaya lina namba 37, na ukipata namba yako unalipwa 35 juu ya dau. Weka shilingi moja kwenye kila namba: umetoa 37, unarudishiwa 36. Gurudumu halikuchakachuliwa, na shilingi yako haipo.

Hatua inayofuata ndiyo kubwa kuliko zote: cheza haraka.

Pita kwenye stegi ya bodaboda karibu na kituo cha treni cha Voi wakati abiria hawajashuka. Kijana ameketi kiupande juu ya pikipiki, helmeti ameitundika kwenye usukani, simu mkono wa kushoto, kidole gumba kinaelea juu ya kitufe. Juu ya skrini kuna mstari wa namba zilizopita, buluu kwa ndogo, zambarau kwa za kati, waridi kwa kubwa. Pembeni majina ya wachezaji wengine yanateremka na pesa walizopata. Anabonyeza kwenye 1.50 na shilingi 20 zake zinakuwa 30. Anacheka, na kabla hajamaliza kucheka ameshaweka dau jingine.

Hapo ndipo fungu la mwenye mchezo linapofanya kazi, na ningependa kila mzazi wa Taita Taveta aelewe jambo hili moja. Zile 3 kwa 100 hazikatwi kwenye elfu moja uliyoingia nayo. Hukatwa kwenye kila dau, na shilingi ileile inarudi kuwa dau tena na tena. Tuseme mzunguko mmoja unachukua nusu dakika. Kwa saa ni mizunguko 120. Kwa dau la 20, kijana amechezesha 2,400 kwa saa ingawa mfukoni alikuwa na 1,000, na kwa wastani saa hiyo imemgharimu 72. Akipandisha dau hadi 100, inamgharimu 360, na elfu moja haifikishi saa tatu. Bahati itaichelewesha kwa huyu na kuiharakisha kwa yule, lakini upande wa kampuni kuna maelfu ya wachezaji kwa wakati mmoja, na kwao wastani ndio mshahara.

Ukiona inachelewa kuisha, tumia mbinu ya kudabo, ambayo utafundishwa bure na kila mtu. Unalenga mara 2. Ukikosa unaongeza maradufu: 20, 40, 80, 160, 320, 640, 1,280. Ukipata popote, umerudisha yote na faida ya 20. Inavutia kwa sababu inafaulu karibu kila mara. Kukosa mara saba mfululizo hutokea kama mara moja katika majaribio 104. Majaribio 103 yanakupa 2,060, na lile moja linachukua 2,540. Kwa mwendo wa nusu dakika, majaribio hayo yote yanaisha kabla ya saa mbili. Na mwenye elfu moja tu hafiki hata dau la sita: madau matano ya kwanza yamekula 620, la sita linataka 640.

Usiache kusoma ule mstari wa namba zilizopita. Buluu tano mfululizo zitakushawishi kwamba waridi iko njiani. Ndege haikumbuki iliruka vipi mzunguko uliotangulia, na ile ya sita ina nafasi ileile iliyokuwa nayo ya kwanza. Hasara ya shambani huonekana: huko Sagalla tembo akiingia shambani usiku, asubuhi mkulima anaona nyayo, anahesabu mahindi yaliyolala, na baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki kumzuia. Hasara ya ndege haina nyayo. Imegawanywa katika shilingi sitini sitini za ujira wa abiria, na ndiyo maana mama anayengoja hela ya unga hajui amlaumu nani. Jambo hili linanikera kuliko hasara yenyewe.

Serikali ya Kenya nayo itakusaidia. Tangu Julai 2025, asilimia 5 hukatwa unapoingiza pesa kwenye akaunti ya kamari, na 5 nyingine unapozitoa. Ingiza 1,000, zinabaki 950. Usicheze hata mzunguko mmoja, zitoe zote, unapokea 902.50.

Elfu ikiisha, ipo Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa iliyoanza Januari 2019, mwaka uleule wa ndege. Pesa ya mkopo ina ada yake, na ada hiyo haimo kwenye zile 97. Kampuni inaweza kukosa mara saba mfululizo na kesho ikafungua kama kawaida. Wewe kesho unahitaji mafuta ya pikipiki.

Na kama umesoma hadi hapa ukiwa bado na salio ndani, litoe sasa hivi, kabla treni haijaingia. Utakatwa 5 kwa mia, mara moja tu, na hakuna hesabu nafuu kuliko hiyo kwenye skrini yako.