Mgeni wa Bandani

Dar es Salaam ukisema gereji, watu wanaelewa fundi, mwarobaini na gari lililopandishwa juu ya mawe. Gereji ya nyumbani ni banda, na gari lenyewe mara nyingi hulala nje yake, kwani ndani kumejaa magodoro, ndoo za rangi na jenereta bovu. Mgeni akipita humo, nani atajua?

Kufuli ndilo husema. Limekatwa, na vumbini kuna nyayo za kandambili.

Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mhalifu haingii mahali asiache alama. Huyo hakuwahi kuishi uswahilini. Kabla mwenye nyumba hajakumbuka kupiga 112, mtaa mzima umeshaingia kutoa pole, kila mmoja kalishika kufuli na kuligeuzageuza, na shangazi, kwa aibu ya kumpokea askari kwenye uchafu, amefagia mpaka pembeni.

Askari anakuta banda linang'aa kuliko sebule. Anauliza kimeibwa nini. Kimya; kumbe hakuna aliyewahi kuhesabu.

Jenereta? Lipo. Mwizi naye aliligundua kuwa bovu.