Sifa za Lifti Mbovu

Mkazi wa Dar es Salaam anayejiandaa kupanda Kilimanjaro ana dhiki ambayo mtu wa Marangu hawezi kuielewa: hana mlima. Jiji limelala usawa wa bahari, na kwa wengi wetu mwinuko mkali kuliko yote ni daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Wenye ari huenda kuzunguka vilima vya Pugu, ambavyo ni vizuri kwa kupunga hewa, ila mguu haujapata sababu ya kulalamika umeshafika juu. Wenye nauli huenda Morogoro kupanda Lupanga, kilele cha zaidi ya mita 2,100 katika safu ya Uluguru, na huko ndiko kwenyewe: mizizi, utelezi wa udongo mwekundu, njia isiyojua kupinda. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 safari yake imekuwa fupi. Lakini Lupanga ni ya Jumamosi moja moja, tena kwa mwenye ruhusa nyumbani. Nani atatufundisha Jumanne?

Lifti mbovu.

Naiandikia sifa hizi kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandikia. Wapangaji wanailaani, msimamizi wa jengo anaisingizia umeme, na wageni wakifika chini wakisoma kile kikaratasi cha kuomba radhi kwa usumbufu hupiga simu kusema wamepata dharura. Hakuna anayesimama mbele ya mlango wake uliofungwa akasema ahsante. Mimi nasema ahsante.

Hesabu kwanza, maana kusifu bila hesabu ni uchawa. Ghorofa moja ni kama mita tatu, hivyo anayeishi ghorofa ya kumi yuko mita 30 juu ya muuza vocha wa pale mlangoni. Usiku wa kilele, kwa njia ya Marangu, mtu hutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, akapanda hadi Gilman's Point, mita 5,685. Tofauti ni mita 965. Gawanya kwa 30. Mpangaji msahaulifu, anayerudi juu kufuata funguo, kisha simu, kisha mwavuli, akipanda mara nne kwa siku, kwa siku nane ataukaribia urefu wote wa ule mpando wa changarawe, na hajalipa kiingilio cha hifadhi. Tena ngazi za majengo yetu zina mwinuko wa nyuzi 30 hivi, ukali ambao njia ya Marangu haiufikii siku za mwanzo hata kidogo.

Lifti mbovu haifundishi kupanda mikono mitupu. Ikifa kwa sababu ya umeme, pampu ya maji nayo hufa, na dumu la lita 20 linapaswa kufika jikoni kwa namna yoyote. Dumu hilo lina kilo 20, nazo kilo 20 ndizo ukomo wa mzigo uliowekwa kwa wagumu, wale vijana wanaobeba mahema na vyakula vya wageni Kilimanjaro. Hapa lazima nimtaje kijana wa gesi. Mtungi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, hufika kilo 30 hivi, naye huupandisha ghorofa ya tisa begani kwa buku mbili na kejeli za mwenye nyumba kwamba amechelewa. Mlimani angezuiwa getini kwenye mizani. Mjini anaambiwa asiweke mtungi juu ya zulia.

Lakini jema lake kubwa, ambalo hata wapenzi wa mazoezi hawalijui, ni kushuka. Mashine ya ngazi ya gym hupandisha tu. Hujawahi kumwona mtu akiishuka. Na Kilimanjaro huvunjia watu magoti wakati wa kurudi, kwa sababu wengi wakishagusa Uhuru, mita 5,895, huteremka siku ileile hadi Horombo, mita 3,720. Ni zaidi ya mita 2,000 za kufunga breki kwa mapaja. Msuli wa mbele wa paja hapo unafanya kazi ngumu kuliko zote: unakaza huku unavutwa kurefuka, nyuzi zake zinachubuka ndani, na maumivu huja kesho yake, yakakomaa keshokutwa, pale mtu anaposhindwa kukaa chooni kwa heshima. Dawa inayojulikana ni kuuchubua mapema, kidogo kidogo, ili ukijijenga upya uzoee. Lifti mbovu hutoa dawa hiyo kila asubuhi, bila kukuuliza kama uko tayari. Kuna wakati yetu ilipona nusu, ikawa inakubali kupandisha na inakataa kushusha. Wengine waliona ni wazimu. Kwangu hakuna mwalimu wa milima aliyewahi kupanga ratiba nzuri kuliko ile.

Hata mandhari haikunyimwa. Kule mtu huanza kwenye migomba, akaingia msituni, akatokea kwenye vichaka, kisha jangwa, kisha barafu. Kwetu unaanza kwenye vitenge na wauza juisi, unapita ofisi za mawakili zenye maua ya plastiki, unafika ghorofa ya saba ambako balbu ziliungua zamani na hakiishi kiumbe, na juu kabisa ni matanki, antena na upepo. Umeme ukikatika usiku unapanda kwa tochi, na hivyo ndivyo wapanda mlima wanavyoondoka Kibo karibu na saa sita usiku. Na waongozaji wa Kilimanjaro wanaochoka kuwaambia watu pole pole wangefurahi kumwona mzee wa ghorofa ya nane. Anapumzika kila kona ya ngazi, anasalimia, anauliza habari za watoto, anaendelea. Wale vijana waliompita mbio ghorofa ya pili anawakuta ya tano wameshika ukuta.

Wabishi watasema lifti haifundishi hewa nyembamba. Kweli. Kileleni oksijeni katika kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya Posta, na hilo halina dawa ila kukaa juu: siku ya ziada Horombo, au kupanda kwanza Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ndipo uende Kilimanjaro. Huko mguu wa chuma hauna cheo. Mkimbiaji anaweza kurudishwa anatapika huku mama mtu mzima akimpita taratibu. Lakini lifti mbovu haikuahidi mapafu. Iliahidi mapaja.

Kama kuna wa kulaumiwa ni Elisha Otis, aliyefunga lifti ya abiria katika duka moja la Broadway, New York, mwaka 1857. Kabla ya lifti, vyumba vya juu vilikuwa vya maskini, kwa kuwa nani alipie kuchoka? Baada yake vikawa vya matajiri, na mandhari ikapandishwa kodi. Ikiharibika, tajiri na dobi wake hukutana tena kwenye kidato kimoja, wote wanahema.

Wiki hii, kwa bahati mbaya, fundi ametokea. Alipanda hadi juu ya paa, akafungua chumba cha mitambo, akachungulia, akasema ni bodi tu, kesho inapona. Sisi wenye safari ya Septemba tulitazamana. Tukamkaribisha chai ghorofa ya kumi, tukampa chapati ya pili, tukamuuliza kama ana uhakika ni bodi peke yake, maana ile sauti, kwa masikio yetu, ilikuwa na mota ndani yake. Akafikiri. Akasema kama mota nayo imekwisha, basi ni ya kuagiza nje, na meli inaweza kuchukua miezi mitatu. Tukamwongeza chai.