Kesi ya Mishumaa Kumi na Mitano

Usiku ule, wageni walipokwisha kuteremka ngazi na vicheko vyao kupotelea barabarani, na watu wa nyumba moja ya ghorofa ya nne huko Michenzani, mjini Unguja, walipokwisha kulala kwa uchovu wa kumsherehekea binti yao aliyetimiza miaka 15, vyombo vya jikoni na vya ukumbini vilifanya baraza kusikiliza shauri la Mshumaa wa Keki, aliyedai kuwa yeye na ndugu zake kumi na wanne ndio walioipa karamu adhama yake, na kwa hiyo wanastahiki kuwekwa katika kabati la vioo, pamoja na vile vikombe vya kaure ambavyo hakuna mtu aliyepata kuvinywea.

Kadhi alikuwa Paka. Hakuchaguliwa kwa elimu, bali kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kukwea mezani bila ya auni ya mtu, na wako watawala wengi ambao hawakuwa na sifa zaidi ya hiyo. Malai ya keki ilikuwa bado imeganda katika masharubu yake.

PAKA: Mdai na aseme, wala asirefushe maneno, maana kadhi ameshiba.

MSHUMAA WA KEKI: Bwana Kadhi, wembamba wangu ni wa kiwiliwili, si wa nasaba. Mwaka 1746, huko Ujerumani, mtukufu mmoja aitwaye Zinzendorf alipofikia siku yake ya kuzaliwa aliletewa keki kubwa iliyochomekwa mishumaa kwa hesabu ya umri wake, nasi tangu zama hizo ni watu wa karamu. Usiku huu taa zilizimwa kwa ajili yetu, watu wakanyamaza kwa ajili yetu, na binti akafumba macho mbele yetu akanuia haja yake moyoni. Ni nani mwingine katika nyumba hii aliyepata kuzimiwa taa?

CHETEZO: Mwanangu, majumba haya tunamokaa yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na hata leo hayajadai kutiwa kabatini. Hebu niambie, uliwaka muda gani?

MSHUMAA WA KEKI: Muda wa wimbo mmoja, Bibi.

CHETEZO: Na ulizimwa kwa nini?

MSHUMAA WA KEKI: Kwa pumzi... na mate kidogo.

CHETEZO: Basi mimi sijapata kutemewa mate. Siku ya saba ya binti huyu ubani ulifuka kifuani mwangu tangu alasiri hata magharibi. Alinyolewa nywele, akachinjiwa mbuzi wa akika, nyama ikagawiwa jamaa na majirani na maskini, na jina lake likatajwa katika dua. Tulidhani hiyo yatosha aushi. Hatukujua kuwa mtu huzaliwa kila mwaka.

SIMU: Bibi Chetezo, kwa heshima zako zote, hayo yaliyofanyika yako wapi? Nani aliyaona? Sherehe isiyopigwa picha ni uvumi. Usiku huu hakuna aliyethubutu kugusa keki kabla sijaitazama kwa pande zote. Ulipofika wakati wa kulishana, binti alimlisha baba yake tonge, nami sikuridhika na kivuli, akalishwa tena. Akafuata bibi yake, ambaye tabibu amemkataza sukari, naye kwa kuwa alifumba macho kila nilipomulika, alifumbua kinywa mara tatu. Huko ndiko kuheshimu wazazi! Hata wimbo waliufuata kwangu, na wimbo wenyewe si jambo dogo, kwani lahani yake ilichapishwa Marekani mwaka 1893 kwa ajili ya watoto wa shule kuamkiana asubuhi, kisha baadaye kampuni moja ikawa inatoza ada kwa maneno yanayoimbwa siku ya kuzaliwa, mpaka mahakama ilipoikatalia mwaka 2015.

PAKA: Watu walitozwa kwa kuimba! Na katika ada hizo kadhi alipata fungu gani?

SIMU: Sina habari, Bwana Kadhi.

PAKA: Basi hiyo si sheria ya kufuatwa hapa. Nani mwingine ana neno?

Hapo ikasikika sauti nyembamba kutoka mtoto wa meza, mlimokuwa mkihifadhiwa nyuzi, vifungo na dawa zilizopita muda wake. Alikuwa Kipande cha Mshumaa, mfupi kama kidole gumba, mweusi utambi, ambaye bibi wa nyumba alikuwa amekataa miaka yote hiyo asitupwe, wala hakutaka kumweleza mtu sababu.

KIPANDE: Mimi sidai kitu, nimeamshwa na kelele. Ila nikisikia watu wanajisifu kwa kuzimiwa taa, huona ajabu, maana mimi nilifanya kazi wakati ambao taa za kuzimwa hazikuwako. Mwezi wa Desemba 2009 waya upitao chini ya bahari kutuletea umeme kutoka bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, jenereta zikanguruma mbele ya mahoteli, na mshumaa, Bwana Kadhi, ukawa kitu cha kufungiwa na ufunguo. Katikati ya giza hilo, Januari, mama wa binti huyu alirejea kutoka hospitali na kichanga chake kifuani. Bibi alinishika mkononi akamtangulia ngazini, kidato baada ya kidato, akinikinga upepo kwa kiganja, na mama akisimama kila mara kuegemea ukuta. Hapana aliyefumba macho akanuia haja. Haja ilikuwa moja, kufika juu. Tulipofika nilizimwa kwa vidole viwili, ili nibaki kwa usiku wa pili. Hata leo bibi akiulizwa umri wa mjukuu wake hataji tarehe, husema tu, alizaliwa katika lile giza.

NDOO: Kweli tupu. Mimi nilikuwa mpya mwaka huo. Baba alinipandisha ngazi hizo asubuhi na jioni, na maji ya kumwoshea mtoto yalipimwa kwa kata. Leo rafiki zake binti wamenijaza pomoni, wakamvizia mlangoni alipotoka kuaga wageni, wakammwagia maji na unga wa ngano juu yake, akapiga kelele kwa furaha. Na kwa ada ya vijana wa siku hizi, asiyemwagiwa hujiona hakupendwa.

PAKA: Maji hayo yalikwenda wapi?

NDOO: Ngazini, mpaka ghorofa ya pili.

PAKA: Nani aliyeyapangusa?

NDOO: Mama.

PAKA: Na keki, ambayo baraza hili limeikagua kwa makini, nani aliyeioka?

CHETEZO: Mama, tangu alfajiri.

PAKA: Na sambusa?

CHETEZO: Mama.

PAKA: Simu, wewe ulipiga picha mia mbili na zaidi. Huyo mama yumo katika ngapi?

SIMU: Moja, Bwana Kadhi. Mkono wake tu, ukipokea sahani chafu. Nilikusudia kuifuta.

PAKA: Na siku ile ya Januari, katika kuzaliwa kwenyewe, nani aliyefanya kazi?

Hakuna aliyejibu. Ndoo aligeuza uso.

PAKA: Naona jina hili linatajwa mno katika shauri lisilomhusu. Sikilizeni hukumu. Mishumaa kumi na mitano haitatiwa kabatini wala haitatupwa. Itapanguswa malai, nami nitasimamia kazi hiyo kwa ulimi wangu mwenyewe, kisha itawekwa mpaka ndugu yake binti atakapotimiza miaka 9, ambapo tisa kati yao watapewa nafasi ya pili ya kutemewa mate. Simu atiwe umeme, kwa kuwa bila umeme kiburi chake hakifiki alasiri. Bibi Chetezo ataendelea kuheshimiwa na kutotumiwa. Ndoo arudi msalani. Kipande arudi katika mtoto wa meza, na baraza linamwomba asiitoboe siri ya bibi mbele ya watu tena. Keki iliyosalia imetwaliwa na mahakama kuwa gharama za shauri. Ama mama, hatukumwandikia kitu, kwa kuwa hakuleta mashtaka.