Mjomba Ajibu: Simba Alikuwa Wapi?

Karibu mwaka mzima, Mjomba wa safu hii hushughulikia mambo ya wakwe, mahari na majirani wanaokopa chumvi wasirudishe. Shule zikifungwa Agosti, barua hubadilika hata harufu. Zinanukia ndizi mbivu, zina madoa ya juisi, na zote zinauliza watoto wapelekwe wapi.

Wa kwanza ni mama wa Lavington. Dada yake anayeishi Toronto anakuja na watoto wawili kwa kile anachokiita likizo ya kiangazi, na sanduku lao limejaa kaptura na kandambili. Je, amwambie? Amwambie, tena leo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya Ikweta, kwa hivyo kiangazi cha Toronto ndicho kipupwe cha hapa: mawingu tangu asubuhi, manyunyu, na watoto wa nasari waliovikwa sweta mbili mbili. Wageni wakitua, matembezi yaanzie soko la Toi, karibu na Adams Arcade, kwenye mitumba. Si ajabu sweta watakalolichagua likawa lilitoka Toronto mwaka jana, nalo litarudi kwao likiwa limevaliwa.

Baba wa Kangemi ana uchungu zaidi. Aliazima Probox ya shemeji, akawaamsha wanawe saa kumi alfajiri na kuwapeleka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Langoni wakazuiwa na chupa zao za maji, maana tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi mbugani. Wakazunguka saa nne. Wakaona pundamilia, nyati, mbuni na makalio ya kifaru. Simba, hata mkia. Sasa kitindamimba wake wa miaka minne anawatangazia majirani kwamba kule hakuna kitu ila tumbili aliyempora ndizi, na baba anataka kujua amlalamikie nani.

Mjomba anamwomba apunguze hasira. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita mraba 117, na tangu hapo hakuna simba aliyetia sahihi mkataba wa kuonekana. Jua likipanda hujilaza katika nyasi zenye rangi yao. Tena upande wa kusini, unakopita mto Mbagathi, hakuna ua, kwa hivyo huenda siku hiyo baadhi yao walikuwa wametoka. Mwenye kudai simba wa uhakika aishie kwenye lango kuu la Barabara ya Lang'ata, kwenye makao ya wanyama mayatima yaliyofunguliwa 1964. Hao hawana pa kwenda.

Hata hivyo, Mjomba anamjua simba mwingine, naye hadithi yake iko mjini, karibu na stesheni ya treni. Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa 1971, limehifadhi behewa ambalo afisa wa polisi, Charles Ryall, alijibanza ndani yake usiku mmoja wa Juni 1900 huko Kima, na wenzake wawili, akimvizia simba mla watu. Ryall alisinzia. Simba hakusinzia. Aliingia behewani akamkokota nje kupitia dirishani, wenzake wakanusurika. Mtoto wa miaka minne akisimama mbele ya behewa lile atalitazama dirisha, atamtazama baba yake, kisha atanyamaza kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe. Onyo: hadithi hii isirudiwe wakati wa kulala.

Mwingine wa Westlands anauliza ikiwa barabara ile ya juu iliyofunguliwa 2022 inafaa kwa familia. Inafaa sana. Ina kilomita 27 hadi Mlolongo, na mtoto atakumbuka haja ndogo katika kilomita ya pili. Akojoe kwanza.

Kisha kuna barua ambayo Mjomba aliisoma mara mbili. Mama wa watoto watatu, Kawangware, hana gari wala shemeji mwenye gari, na huyu ndiye pekee aliyeandika bajeti yake. Apande matatu ya 46 baada ya saa tatu, wenye kazi wakishapita na nauli ikishuka. Mdogo apakatwe. Wa kati naye apakatwe mpaka konda aseme, na konda akisema, mama atazame nje kama anayehesabu miti. Chapati zitoke nyumbani ndani ya hotpoti. Mayai pasua yenye kachumbari yanunuliwe wakati wa kurudi, yawe hongo ya kuwatembeza hadi steji bila kilio.

Kutoka mjini waende kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, wakamwone Ahmed. Alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe na serikali. Akawekewa walinzi hadi alipokufa mwaka 1974, kwa uzee wala si kwa risasi. Sanamu lake limesimama uani, na watoto watazunguka miguu yake mpaka mama achoke kuwahesabu. Kifungua mimba atauliza kwa nini ndovu alipewa askari wake mwenyewe ilhali Kawangware wakiitwa usiku hawaji. Mama amwambie wataongea nyumbani.

Barua ya mwisho imeandikwa kwa penseli na mtoto wa miaka saba. Walikuwa wakienda Lang'ata kulisha twiga, na baba alisema "tumefika" mara tano, lakini kila alipochungulia nje aliona Dagoretti Corner. Anauliza kufika ni nini.

Mjomba amefanya hesabu. Ulimi wa twiga una urefu wa sentimita 45 hivi, na kwa msongamano wa Barabara ya Ngong Jumamosi, gari la baba lilikuwa likisogea ulimi mmoja kwa kila wimbo wa redio. Dagoretti Corner si kufika. Nakala ya jibu hili inatumwa kwa baba, aibandike juu ya usukani.