Heko kwa Kuku wa Angani

Kuku wa kwenye ndege amesemwa vibaya mno, na wengi wa waliomsema walimmaliza kwanza. Utawasikia harusini, barazani, hata kwenye foleni ya uhamiaji wakiwa bado wanajichokonoa meno: eti hana chumvi, eti wali wake umegandana, eti kile kitindamlo cha pembeni hakijulikani kama ni keki au ni sifongo ya kuoshea vyombo. Mwizi wa kuku hupata wakili. Kuku huyu hajapata hata mmoja. Ni aibu, kwa sababu mlo ule una fadhila ambazo mapishi ya mama zetu, pamoja na utamu wake wote, hayajawahi kutupa.

Kubwa kuliko zote ni kwamba haumdai mtu shukrani. Kwetu, kula kwa watu ni kazi. Ukikaribishwa kwenye sinia la pilau unatakiwa ule upande wako tu, na mnofu ulio mbele ya mwenzako usiunyooshee mkono. Ukila haraka una njaa ya kwenu. Ukila taratibu umedharau chakula. Ukisema umeshiba, mwenye nyumba anaapa kwamba hujala kitu, na unapakuliwa upya. Ukimaliza umsifu mpishi kwa sauti itakayofika jikoni, na usipomsifu, habari zitafika kwa shangazi zako kabla yako. Bara nako kuna kesi ya firigisi: kuku mmoja, firigisi moja, wazee watatu mezani. Undugu wa miaka mingi umewahi kutikisika kwa ajili ya kipande kile.

Kule juu hakuna firigisi. Hakuna shingo, hakuna miguu, hakuna kichwa cha kumpa mtoto. Kila abiria amepata vipande vilivyokatwa sawasawa, visivyo na mfupa, ambavyo hata daktari wa mifugo hawezi kusema vimetoka sehemu gani ya mwili. Mwenye shahada tatu na mwenzake anayepanda ndege kwa mara ya kwanza wamefungiwa foili ileile. Ugomvi utaanzia wapi?

Na mpishi wa kumsifu hayupo. Yuko nchi kavu, pengine amelala. Chakula hiki hupikwa kwenye majiko makubwa jirani na uwanja, mara nyingi saa nyingi kabla ya safari, kikapozwa haraka hadi nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, kikapangwa kwenye trei, kikapakiwa kwenye lori ambalo boksi lake huinuka mpaka mlangoni mwa ndege, kisha huko angani kikapashwa kwa oveni za upepo wa moto. Jiko la Emirates pale Dubai hutoa milo zaidi ya 100,000 kwa siku. Katika milo laki moja, nani atajua kwamba wewe wa kiti cha dirishani uliacha karoti? Acha nusu, acha yote, funika foili yako ulale. Hakuna atakayekuuliza umekasirishwa na nani.

Wanaodai kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri waitazame hiyo zamani. Mlo wa kwanza wa ndege za abiria unaotajwa kwenye historia ulitolewa Oktoba 1919 na kampuni ya Handley Page, kati ya London na Paris: sandwichi na matunda, vyote baridi, na abiria akalipia shilingi 3 za Kiingereza. Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1958. Mashirika yaliyovuka Atlantiki yalikuwa yamekubaliana, chini ya chama chao cha IATA, kwamba abiria wa daraja jipya la bei nafuu asipewe mlo kamili, apewe sandwichi basi. Waskandinavia wa shirika la SAS wakatii kwa namna yao. Walileta kipande kimoja cha mkate, wakakipandishia nyama, samaki, mayai, jibini na mboga, mpaka mkate wenyewe ukapotea. Pan Am ya Marekani ikaona inaibiwa wateja, ikaenda kushtaki. Watu wazima waliovaa tai wakakaa kujadili maana ya sandwichi, na SAS ikatozwa faini ya dola 20,000. Kosa lao ni kulisha watu vizuri kupita kiasi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mlo wa ndegeni ni mnyonge kwa sababu ya uzembe. Unyonge huo ulipiganiwa.

Na ukaendelea kutunzwa. Mwaka 1987 American Airlines, chini ya mkuu wake Robert Crandall, iliondoa zeituni moja kwenye kila sahani ya saladi ikaokoa karibu dola 40,000 kwa mwaka. Zeituni moja! Jaribu kupunguza karafuu moja kwenye pilau ya bibi yako uone kama utalala ndani. Abiria wa ndege hawakuona kitu. Mlo unaoweza kupunguzwa bila mlaji kujua una uvumilivu ambao wanafalsafa wameutafuta maisha yao yote.

Tena, mkosaji pengine si kuku. Ni ulimi. Ndani ya ndege iliyo juu, shinikizo la hewa ni kama la mtu aliye kwenye mlima wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Watu wa Eldoret watasema wao wanaishi kwenye mita 2,100 na nyama choma yao wanaisikia barabara. Ni kweli. Lakini Eldoret haina hewa kavu kiasi hicho: ndani ya ndege unyevu mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20, pua inakauka, na pua ikikauka harufu imekwenda, na nusu ya utamu imekwenda nayo. Wala hakuna injini zinazonguruma masikioni mwa mla nyama mchana kutwa. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, waliofanya kazi na Lufthansa, waligundua kwamba katika hali hiyo chumvi hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake mdomoni, na sukari asilimia 15 hadi 20. Miaka mitano baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaonyesha kwamba kelele za namna ile hufifisha utamu wa sukari, ila huipa nguvu ladha ile ya supu ya nyama na nyanya zilizoiva. Ndiyo maana mtu ambaye chini hagusi juisi ya nyanya anaiagiza akiwa juu ya Sahara, anaimaliza, kisha anashangaa.

Basi fikiria hali ya mpishi. Anapikia watu ambao, wakifika kula, pua zao zimezibika na masikio yao yanavuma, na chakula chenyewe kimelala baridi usiku kucha. Jumlisha na hofu. Februari 1975 ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikielekea Paris ilitua Copenhagen ikiwa na watu karibu 200 waliougua tumbo kwa pamoja, baada ya kifungua kinywa cha mayai na nyama iliyoshikwa na mpishi mwenye kidonda kidoleni. Marubani walisalimika kwa kuwa saa za miili yao zilisema ni jioni, wakala kitu kingine. Mashirika mengi hadi leo hayataki rubani na msaidizi wake wale chakula kimoja. Ukavu wa yule kuku, basi, ni bima. Ameiva, akaiva tena, akapashwa, ili tumbo lako lifike salama hata kama moyo wako hautafurahi.

Sasa kitindamlo, ambacho ndicho kilichonyanyasika zaidi.

Vitamu vyetu vya mwambao havina haya. Kaimati inakutiririkia shira mpaka kwenye kiwiko, halua inajinadi kwa iliki na zafarani kabla haijafunuliwa, vitumbua vinajulikana tangu mtaa wa pili. Kitindamlo cha ndege kina staha. Kimekaa kwenye kikombe chake cha plastiki, cha mraba, chenye tabaka la waridi juu na tabaka la manjano chini, na hakisemi ni nani. Unaonja: kuna utamu, kuna ubaridi, kuna kitu kilichowahi kukutana na embe au na pichi, pengine njiani tu. Mezani kwetu hakuna kitamu kinachotuachia nafasi ya kufikiri namna hiyo. Watu wawili wasiojuana wanaweza kubishana juu yake kutoka Nairobi mpaka anga ya Misri, mmoja akisema ni keki ya jibini, mwingine akisema ni maziwa yaliyoganda, na wote wawili wakafika Ulaya wakiwa marafiki.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilishukuru. Kwenye trei ile kila kitu huja kwa wakati mmoja: saladi, mkate, kuku, jibini, keki. Hakuna mkubwa wa kukwambia maliza wali kwanza. Tangu utotoni tumeota kuanza na kitamu, na tangu utotoni tumepigwa vidole. Angani mzee mwenye mvi na kofia ya kiua anaweza kufungua keki kabla ya kitu chochote, akaila yote akitazama mbele, na mkewe aliye kiti cha pili asiwe na neno.

Hata heshima mbele ya wakubwa, chakula hiki kimetuletea. Mwaka 2008 abiria mmoja aliyetoka Mumbai kwenda London aliwaandikia shirika la ndege la Virgin barua ya malalamiko, kwa jina la mwanzilishi wake, Richard Branson mwenyewe, akaambatanisha picha, akieleza jinsi alivyoshindwa kutambua kwenye trei yake kipi ni mlo na kipi ni kitindamlo, kwa kuwa kile alichodhani ni kitamu kilikuwa na njegere. Barua ikasomwa dunia nzima na Branson akampigia simu. Wangapi wamepigiwa simu na bilionea kwa sababu ya biriani tamu?

Kuhusu kuchagua, nitasema kidogo. Swali la "kuku au samaki" huulizwa kwa adabu safu za mbele, na kadiri kitoroli kinavyosogea nyuma linafupishwa, mpaka ukiwa karibu na choo unaambiwa tu kwamba imebaki pasta. Wenye kujua hawangoji. Wameagiza mapema mlo maalumu, ule wa Kiislamu au wa wasiokula nyama, ambao huletwa kabla ya wengine wote, na wanaanza kula huku safu nzima ikiwatazama kwa husuda. Wako wafanyabiashara wa Kariakoo ambao hawajawahi kukataa nyama nchi kavu, lakini wakielekea Guangzhou wanakuwa wala majani kwa usiku mmoja.

Na wakati wa Ramadhani nauheshimu mlo huu bila mzaha. Aliyefunga na kupanda ndege inayoelekea magharibi anajua jua lilivyo kaidi: ndege inalifukuza, halizami, na saumu inarefuka. Tena aliye juu huliona jua bado wakati walio chini yake wameshaanza kufuturu. Kwenye ndege za Ghuba huwekwa boksi la futari mbele yako, na rubani ndiye anayetangaza kwamba wakati umefika. Sijawahi kumsikia mtu akilalamikia boksi lile.

Wanaochukia kabisa chakula cha ndege wanayo dawa: wapande ndege ya Dar kwenda Zanzibar. Safari ni kama dakika 20, na ukibahatika utapewa pipi. Utawakuta wale wale wakinung'unika kwamba hawakupewa kitu.

Shahidi wangu wa mwisho ni kabati za majumbani. Fungua kabati la vyombo la yeyote aliyewahi kutoka nje ya nchi, hasa yule anayekisema vibaya zaidi chakula cha ndege: vipakiti vya chumvi na pilipili manga, vijiko vya plastiki vilivyooshwa vizuri, siagi ya duara iliyosafiri kwenye mkoba mpaka Songea kwa ajili ya watoto, wakaipaka kwenye muhogo na kuisifu. Chakula kibaya hakibebwi hivyo.

Umebaki ule mkate mdogo wa duara. Nimeombwa niutetee nao, lakini sioni haja. Yeyote anayeutilia shaka na ajaribu kuukata kwa kisu cha plastiki, halafu tuone nani ataomba msamaha.