Sifa za Utusitusi wa Usoke

Asali ya Tabora ina wasifiaji wa kutosha. Mimi namsifu asiye na msemaji: utusitusi wa kiangazi, moshi ule mwembamba unaotanda Usoke moto kichaa ukianza kutembea kwenye miombo.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya misafara ya Unyanyembe, ilimgharimu bunduki, baruti na askari wake ruga-ruga. Utusitusi unaifunga njia ya macho bure. Asubuhi ya Septemba simama stesheni utazame reli ya kwenda Urambo: nguzo ya kwanza unaiona, ya tano unaikisia, zilizobaki ni suala la imani. Treni inasikika kwanza, halafu taa kama kiini cha yai, mwili baadaye.

Na unyenyekevu wake! Vumbi la lori la tumbaku lina makeke: linapanda, linatukohoza, linatua kwenye chapati, basi. Chembe ya moshi haina haja ya fujo. Unywele una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe hii mara nyingi haifiki hata moja, kimo kinachokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Hapo ndipo ufundi ulipo: mwanga unatawanywa kila upande, mti wa mbali unapoteza weusi wake hadi ufanane na anga. Binamu zake wa Dar es Salaam, wazaliwa wa mabomba ya magari na majiko ya mkaa, hunywa unyevu wa bahari wakanenepa, wakaficha zaidi. Nairobi nako, mwaka 2020, korona ilipopunguza magari na moshi wake, watu waliupiga picha Mlima Kenya kutoka mjini. Wenzao wakabisha kwamba picha ni za kughushi. Mlima wa mita 5,199, ukionekana unaitwa mwongo!

Ila utusitusi haujui kubisha hodi. Unashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linataka wastani wa mwaka wa chembe laini kama zake usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Roho mbaya tu.

Jirani yangu mwenye bani la kukaushia tumbaku anaupenda kunizidi. “Msitu upo, mwanangu,” huniambia, mkono kauelekeza kwenye weupe mtupu. “Ni moshi tu.”

“Ndiyo, mzee.”

Novemba mvua ya kwanza iliosha hewa usiku mmoja. Asubuhi tulitoka sote wawili, tukaona mbali kabisa: visiki, na nyuma ya visiki, visiki. Mzee alisema macho yanamuuma, akarudi ndani.